Maswali yenu kuhusu Berlin, bila kutia chumvi

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba nimerudi kutoka Berlin, Ujerumani, nilikokaa siku kumi na mbili mwezi wa Novemba kwa mdogo wangu anayesoma huko. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nilivyotegemea. Zinazofanana nimeziunganisha, nyingine nimezifupisha. Nilipopapenda nasema, na nilipoumia nasema pia.

*"Dada, kila ninayemuuliza ananiambia Berlin ni mji mchafu, kuta zimechorwachorwa, majengo kama masanduku. Mimi nina akiba ya safari moja tu ya Ulaya. Niende huko, au nitafute Paris na Roma kama wenzangu?" – Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Waliokuambia hawakukudanganya. Siku ya kwanza nilitoka kituoni saa kumi na nusu jioni, taa za barabarani zimeshawaka, mvua ya rasharasha isiyokwisha, na kila ukuta niliouona ulikuwa umepulizwa rangi hadi pale mkono wa mtu unapofika. Nilijiuliza kama nimeshuka mji wenyewe. Majengo mengi yamenyooka, ya kijivu, hayana nakshi. Sababu yake ni vita. Mabomu yaliubomoa mji huu vibaya hadi mwaka 1945, na baada ya hapo ukajengwa upya kwa haraka na serikali mbili zisizopatana, kila moja upande wake.

Siku ya tatu ndipo nilipoanza kuuelewa. Mdogo wangu alinipeleka Bernauer Straße, mtaa uliopitiwa na Ukuta, ule ambao serikali ya Mashariki iliujenga kuwazuia watu wake wasihamie Magharibi. Ukuta ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961. Katika mtaa ule nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini njia ya miguu iliyo mbele ya milango yake ilikuwa Magharibi. Yaani mtu akitoka mlangoni kwake ameshavuka mpaka. Milango ikazibwa kwa matofali, watu wakaruka madirishani. Watu wasiopungua 140 walikufa kwa sababu ya Ukuta ule kabla haujafunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Leo mahali ulipobomolewa wamesimamisha vyuma vyembamba virefu vyenye kutu, kimoja kimoja, ukiwa mbali unauona ukuta, ukisogea unapita katikati yake. Sehemu nyingine za mji kuna mistari miwili tu ya mawe iliyozamishwa kwenye lami. Nilisimama mguu mmoja huku na mwingine kule. Mama mmoja akanipita akisukuma kigari cha mtoto, akavuka mistari ile bila hata kutazama chini.

Kisha nenda karibu na Lango la Brandenburg. Pale, kwenye ardhi ambayo miji mingine ingejenga hoteli, wameweka mawe 2,711 ya zege kwa kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya na Wanazi, utawala wa Hitler. Unaingia mawe yakiwa yanakufika magotini, na hatua chache mbele yamekupita kichwa, husikii tena magari. Nilitoka humo sina hamu ya kupiga picha. Sijaona mji mwingine uliouweka uovu wake katikati ya uwanja namna hiyo, ili kila mgeni na kila mwenyeji apite hapo.

Kwa hiyo, msomaji wangu wa Likoni, kama unataka uzuri wa kujaza macho, akiba yako ipeleke Roma. Ukitaka mji utakaoondoka nao kichwani, ukabishana nao miezi sita baadaye, nenda Berlin.

*"Nafundisha historia huku Nachingwea. Kila mwaka wanafunzi wananiuliza mjusi wa Tendaguru yuko wapi, nami nawaambia yuko Berlin, basi, sina la kuongeza. Umemwona? Yukoje? Na moyoni ulijisikiaje?" – Mwalimu wa sekondari, Lindi*

Shikamoo mwalimu. Nimemwona. Kwa wasiomjua, ni dinosaria, mnyama wa kale kama mjusi mkubwa mno, ambaye mifupa yake ilichimbwa kilima cha Tendaguru huko Lindi.

Mimi ni mtoto wa Mingoyo, hukohuko Lindi, na mama yangu ni Mmwera. Kwetu mjusi yule alikuwa habari ya jikoni kabla hajawa habari ya darasani. Bibi alikuwa akikuna nazi anatusimulia kwamba baba yake alibeba "mawe ya Wajerumani" mpaka pwani, na kwamba shingo yake haikunyooka tena vizuri. Tukiwa watoto tulicheka. Mawe gani ya kubebwa kwenda Ulaya, Ulaya hakuna mawe?

Makumbusho yenyewe yako mtaa wa Invalidenstraße. Unakata tiketi, unapita mlango mmoja, na huna muda wa kujiandaa: yuko mbele yako. Mwanga unashuka kutoka paa la kioo. Urefu wake, kuanzia sakafuni hadi utosini, ni mita 13.27, nyumba ya ghorofa nne. Nilisimama karibu na miguu ya mbele. Mfupa mmoja tu, ule wa juu wa mguu, una zaidi ya mita mbili. Nilinyoosha mkono juu na bado ulinizidi. Mifupa ni kahawia yenye weusi, ina nyufa zilizojazwa kwa uangalifu. Vipande kadhaa, kikiwemo kichwa kilichoko juu, ni nakala, kwa sababu vya asili havifai kuning'inizwa. Na hayuko peke yake. Humo ukumbini kuna wengine waliotoka kilima kilekile, yumo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, yumo Dicraeosaurus mwenye shingo fupi. Ukumbi mzima, mwalimu, ni Lindi ya miaka milioni 150 iliyopita.

Wanafunzi wako waambie hivi. Vitabu vinasema mifupa iligunduliwa mwaka 1906 na mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler. Lakini wenyeji walikuwa wakilima juu yake siku zote. Uchimbaji wenyewe ulianza mwaka 1909 ukaisha 1913, ukiongozwa na wataalamu kama Werner Janensch na Edwin Hennig. Hesabu miaka hiyo na darasa lako: Vita vya Majimaji viliisha 1907. Waliochimba na kubeba walikuwa watu waliotoka kwenye vita na njaa muda si mrefu. Reli haikuwepo, na ng'ombe au punda wa kukokota mzigo angeuawa na mbung'o. Kwa hiyo zaidi ya tani 200 za mifupa zilisafiri kichwani na mabegani, kilomita 60 hivi, siku tatu hadi nne kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi. Mifupa ilifungwa ndani ya vifungu vya mianzi. Wazungu wale wawili watatu hawakuifukua kwa mikono yao. Vibarua walikuwa mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuusafisha mfupa uliopasuka bila kuumaliza. Mwaka 2007 mtaalamu aliyepitia mifupa ya Tendaguru alimpa mjusi mmoja jina la kisayansi *Australodocus bohetii* kwa heshima yake. Jina hilo waandikie ubaoni.

Mjusi mkubwa alisimamishwa mwaka 1937. Wakati huo Tanganyika ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Wajerumani, iko chini ya Waingereza.

Nilimpigia mama simu ya video palepale ukumbini. Ilikuwa saa nane mchana kwetu, yuko barazani. Nikageuza kamera, nikaipandisha taratibu kutoka kwenye kucha hadi kichwani. Hakusema kitu. Kisha akauliza, "Wameandika Tendaguru?" Nikasogeza simu kwenye maandishi nikamsomea neno kwa neno. Akaniuliza, "Na waliobeba?" Nikamtajia Boheti bin Amrani. Akalirudia jina hilo mara mbili kama mtu anayejaribu kukumbuka ukoo.

Umeniuliza nilijisikiaje. Nilifurahi, kisha nikaona uchungu, na uchungu ndio uliokaa. Watoto wa shule za Berlin walikuwa wamelala chali sakafuni wakimchora kwa penseli, walimu wao wamewaleta kwa treni asubuhi ileile. Mtoto wa Nachingwea akitaka kumwona lazima awe na pasipoti, nauli ya ndege, bima, na euro 90 za ada ya viza ya Schengen peke yake. Hilo halikuniingia akilini na mpaka leo halijaniingia.

Suala la kumrudisha limeulizwa bungeni kwetu zaidi ya mara moja. Kwa upande wangu, naona tuanze na jengo. Lindi ijengwe nyumba ya makumbusho ya kweli, yenye wataalamu wetu wenyewe, halafu tudai mifupa iliyoko stoo, ambayo hakuna mgeni anayeionyeshwa, irudi kwanza. Yule aliyesimama atafuata. Nasema hivi kwa sababu nimeona jinsi anavyotunzwa, na sitaki arudi aje kukaa kwenye banda la bati. Lakini arudi.

*"Mitandaoni watu wanasema kuna mtaa Berlin unaitwa Majimaji. Ni kweli au ni uzushi?" – Msomaji wa Songea*

Ni kweli, ndugu yangu, na nimeukanyaga. Ukimaliza kwa mjusi, shuka kwenye treni ya chini ya ardhi, laini ya U6, upande unaokwenda Alt-Tegel. Kituo cha saba kinaitwa Afrikanische Straße. Ukipanda juu unaanza kusoma vibao unadhani unaota: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Kameruner Straße, Togostraße.

Majina haya hayakutolewa kwa mapenzi. Yalianza kuwekwa mwaka 1899, Wajerumani wakijipongeza kwa makoloni yao. Mwaka 1939, enzi za Wanazi, barabara moja hapo ikapewa jina la Carl Peters. Huyu ndiye aliyekuja Usagara mwaka 1884 kukusanya "mikataba" ya ardhi kutoka kwa machifu, na wazee wetu wakambatiza Mkono wa Damu. Baadaye, mwaka 1986, manispaa ikatangaza kwamba Petersallee sasa ni ya Peters mwingine, Hans Peters, mwanasiasa wa Berlin. Kibao kikabaki kilekile.

Waliolikataa jambo hilo walilikataa kwa miaka mingi. Mmojawapo ni Mtanzania, Mzee Mnyaka Sururu Mboro, mwenyeji wa Kilimanjaro anayeishi Berlin kwa miaka mingi. Amekuwa akiwatembeza watu mitaa ile akiwaeleza kila jina limetoka wapi. Wakazi wengine walikwenda mahakamani kupinga mabadiliko. Hatimaye, Agosti 2024, Petersallee ikafutwa. Kipande kimoja sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa mwanamke shujaa wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee.

Ni barabara ya kawaida ya makazi, miti pande zote, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo. Nilipofika, wanaume wawili walikuwa wakishusha mashine ya kufulia kutoka kwenye gari, na mmoja anasoma karatasi kuhakikisha namba ya nyumba. Nilisogea nikachungulia. Kwenye karatasi ile palikuwa pameandikwa Maji-Maji-Allee. Nilibaki nimeduwaa. Nyie Songea mlimsikia Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akiomba radhi pale Makumbusho ya Majimaji tarehe 1 Novemba 2023, na maneno yale yana uzito wake. Lakini hapa mtu asiyemjua Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, analiandika jina la vita vyake kila anapoagiza friji. Mimi jambo hilo lilinigusa zaidi.

Jambo jingine alilonionyesha mdogo wangu: safari ile ya vituo saba inapita chini ya mpaka wa zamani. Wakati wa Ukuta, mitaa ya Kiafrika ilikuwa Magharibi na mjusi alikuwa Mashariki. Treni za Magharibi ziliendelea kupita chini ya Mashariki bila kusimama, kwenye vituo vyenye giza vinavyolindwa na askari wenye bunduki. Kituo cha makumbusho ya mjusi kilikuwa kimojawapo, kimefungwa karibu miaka 29.

*"Mwanangu amepata nafasi ya masomo Berlin. Naogopa ubaguzi. Nieleze ukweli kama mama kwa mama." – Mama wa Kigamboni*

Mama mwenzangu, ukweli ni kwamba upo, na upo wa kimyakimya. Mara mbili kwenye treni iliyojaa, kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi. Katika duka moja mlinzi alinifuata kutoka rafu hadi rafu. Mdogo wangu anasema kilichomtesha kuliko vyote ni kutafuta chumba. Kwenye simu kipo, akifika kimeshachukuliwa.

Upande wa pili, jioni moja nilipotea mvuani, simu imezima. Ajuza mmoja aliyekuwa na fimbo alinisindikiza mpaka mlangoni, hajui Kiingereza, nami sijui Kijerumani, tukaenda tunaonyeshana kwa vidole. Watu wa Berlin hawasalimii. Usitafsiri kila kimya kuwa chuki. Wao kwa wao pia hawasalimiani. Mwanao ajifunze Kijerumani mapema, hata kabla hajaondoka, maana milango mingi niliyoona ikifunguka ilifunguliwa na lugha.

Na akifika, mwambie aende Brunnenstraße namba 193, atazame chini. Kwenye njia ya miguu kuna kijiwe cha shaba kinachotosha kiganjani, kimezamishwa kati ya mawe ya kawaida. Kimewekwa mwaka 2007 kwa ajili ya mtu wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa 1904. Akiwa mtoto alitumika pamoja na baba yake katika jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, Vita vya Kwanza. Mwaka 1929 akaenda Berlin, akadai mishahara yao ambayo haikulipwa, akakataliwa. Alibaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944. Nilichuchumaa nikakifuta kwa leso. Shaba ikang'aa. Nikamsomea Fatiha, watu wanapita huku na huku. Mwanao atakuwa anasoma kwenye mji ambao Mswahili mwenzake aliwahi kufundisha lugha yetu, na mji huo haukumlinda. Naona ni vizuri akijua vyote viwili tangu mwanzo.

*"Chakula je? Baridi? Usafiri?" – Wasomaji saba, kutoka Tanga hadi Bujumbura*

Chakula halali hakisumbui. Waturuki walianza kwenda Ujerumani kwa wingi baada ya mkataba wa kazi wa mwaka 1961, na leo mkate uliojazwa nyama ya kuchoma na kachumbari, *döner*, unauzwa kila kona. Mmoja unakutosha mchana mzima. Mtaa wa Sonnenallee una Waarabu wengi, nilikunywa chai ya mnanaa pale nikajisikia niko Darajani. Unga wa ugali nilikuta kwenye duka la Waafrika katika eneo liitwalo Wedding. Maji ya bomba yanyweni, ni salama.

Chupa msitupe. Ya plastiki ya kutumika mara moja unairudisha dukani kwenye mashine na kupewa senti 25, ya bia ya kioo senti 8. Wasiotaka usumbufu huiweka chini kando ya pipa, wala hawaitumbukizi ndani. Nilidhani ni uchafu, mpaka nilipomwona mzee mmoja, amevaa koti safi na tai, akipita na mfuko akiziokota moja moja. Zinaachwa nje ili watu kama yeye wasiingize mikono kwenye taka.

Tiketi ya treni haitoshi kununuliwa. Hakuna geti, hakuna mtu mlangoni, lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye kisanduku kidogo kilichoko jukwaani ili ipigwe muhuri wa saa. Mimi sikugonga. Wakaguzi walionikuta walivaa nguo za kawaida kama abiria, na faini ilikuwa euro 60. Nililipa, na iliniuma kwa sababu tiketi nilikuwa nayo mkononi.

Novemba chukueni viatu visivyopitisha maji kabla hamjafikiria koti. Jumapili maduka yamefungwa, nunueni mahitaji Jumamosi. Na Jumatatu makumbusho ya mjusi hayafunguliwi, kwa hiyo kama mna siku chache, mpangieni yeye Jumanne asubuhi, kabla wanafunzi hawajajaa, kisha mchukue U6 mkamalizie Maji-Maji-Allee kabla ya saa kumi, giza halijaingia.